Leso na Mashine: Sanaa Tunayojifunga Kila Siku

Tulipokuwa tukijiandaa kumuoza binti ya kakangu, wanawake wa nyumba tulikubaliana tuvae sare ya leso. Hapa Mombasa hilo si jambo geni. Geni lilikuwa kwamba safari hii hatukwenda dukani kuchagua. Tuliamua kuchapisha leso yetu wenyewe, yenye jina letu wenyewe. Marehemu mamangu aliacha leso moja kuukuu yenye maneno "Radhi ya mama ni ngao", na tukaona hakuna jina lifaalo zaidi ya hilo kwa bibi harusi ambaye nyanya yake hakujaaliwa kuiona siku yake. Nikaipiga picha ile leso kwa simu, nikamtumia kijana mmoja mwenye kompyuta na mashine ya kuchapia, tukalipia jozi thelathini.

Leso zilifika siku mbili kabla ya harusi. Rangi zake zilimeta ajabu. Shangazi yangu, ambaye sasa ana miaka themanini na ushei, aliikunjua moja, akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti: "Radi ya mama ni ngao."

Herufi moja ilianguka njiani. Radhi ikawa radi. Shangazi akaikunja taratibu, akasema, "Haya jamani, bibi harusi mumkalie mbali, tusije tukapigwa sote."

Tulicheka mpaka machozi, na harusi ikapita salama. Lakini usiku ule sikulala vyema. Nilijiuliza vipi jambo tunalolifanya kila siku, la kuchagua leso na kusoma jina lake, limenishinda siku niliyolihitaji zaidi. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza mafundi, wauzaji na wazee, na kusoma nilichoweza kupata, kuhusu leso na mashine zinazoitengeneza. Nimeyaandika hapa kwa sababu naona wengi wetu tunaivaa leso bila kujua imefikaje kiunoni mwetu.

Leso ni nini hasa

Wenzetu wa Tanzania huiita kanga. Sisi wa Mombasa na Lamu twaiita leso. Ni kitambaa chembamba cha pamba, upana wake kama sentimita 110 na urefu wake kama sentimita 150. Huuzwa mbili mbili zikiwa zimeungana, mnunuzi akazikata na kuzipinda. Ukipita Mtaa wa Biashara utawaona mafundi na vyerehani vyao wakikungojea kwa kazi hiyo.

Leso ina sehemu tatu. Kuna pindo, mpaka unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, ule uwanja wa katikati wenye maua, korosho, matone au picha yoyote. Kisha kuna jina, maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mwanamke wa Kiswahili hasemi tu "nimenunua leso nyekundu." Ataulizwa, "Jina lake?" na asipolijua ataonekana amenunua gunia.

Matumizi yake hayahesabiki. Mtoto huzaliwa akapokewa kwa leso, akabebwa kwa leso mgongoni, akalazwa juu ya leso. Katika posa zetu kuna kitu kiitwacho ubeleko, heshima ya mamake bibi harusi kwa kuwa alimbeba mwanawe kwa nguo hiyo. Mwanamke hujifunga moja kiunoni na nyingine akajitanda. Ataikalia, ataikungutia samaki magamba, atafungia pesa kwenye ncha yake. Na siku yake ikifika, leso huwako pia kumsitiri wakati wa kuoshwa. Hakuna sanaa nyingine niijuayo inayomfuata mtu namna hiyo bila kutundikwa ukutani.

Asili yake ni dukani na kiwandani

Watu wengi hudhani leso ni kitu cha kale kilichokuwa safi mpaka mashine ikaja kukiharibu. Historia yasema kinyume.

Neno lenyewe latokana na lenço la Wareno, yaani kitambaa cha mkono. Katika karne ya 19 Pwani yetu ilikuwa imejaa nguo za kiwandani kutoka ng'ambo. Sayyid Said alitiliana saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaleta shehena za kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Ndiyo maana mpaka leo wazee huita kitambaa hicho merikani. Kikitiwa nili kikawa cheusi, kiliitwa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata mkondo huo, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Husimuliwa kwamba baadhi ya wanawake wa Pwani waliona kitambaa kimoja cha mkono ni kidogo. Badala ya kununua kilichokatwa, walinunua kipande kirefu cha vitambaa vilivyoungana, wakakikata na kuvishona vitambaa sita pamoja, tatu juu na tatu chini. Likatoka vazi jipya ambalo halikuwako mahali pengine popote. Wenye maduka wakaona biashara, wakaagiza ng'ambo kitambaa kizima kilichochapwa kwa kipimo hicho. Na kwa kuwa nyingine zilikuwa na madoadoa meupe kama ndege kanga, wengine wakaziita kanga.

Tazama basi nani alifanya nini. Kitambaa kilitoka kwenye vinu vya mbali. Rangi na chapa zilikuwa za wageni. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi. Lakini wazo la kuunganisha sita, la mbili mbili, la kujifunga moja na kujitanda nyingine, lilikuwa la wanawake waliokaa barazani na sindano zao. Mashine ndiyo iliyoizaa leso, na wanawake hao ndio walioilea.

Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Uholanzi, kikiwemo kile cha Helmond ambacho leo chajulikana kama Vlisco, vilikuwa vikichapa leso za soko letu, pamoja na vya Uingereza. Baadaye zikaja za India na Japani. Mchoraji wa Helmond hakuwahi kukaa jikoni kwetu. Alichora alichoagizwa, na lililokataliwa na wanawake wa huku lilibaki kwenye rafu mpaka likauzwa kwa hasara. Mwenye duka mwerevu alijifunza kuwasikiliza kwanza, kisha akaandika barua ya kuagiza.

Jinsi chapa ilivyoipa leso sura yake

Nilipomuuliza fundi mmoja mzee wa kuchapa vitambaa kwa nini leso za zamani zina rangi mbili tatu tu, alinitazama kama mtoto. "Kila rangi ni skrini," aliniambia.

Maana yake ni hii. Katika uchapaji wa skrini, fundi huwamba kitambaa chembamba kwenye fremu, kisha huziba sehemu zote ambazo rangi haitakiwi kupita. Fremu hulazwa juu ya pamba, rangi ikasukumwa kwa mpira, ikapenya palipoachwa wazi. Ukitaka nyekundu, skrini moja. Ukitaka nyeusi, skrini nyingine, na lazima zikae pamoja bila kupishana hata unywele. Kila skrini ni gharama. Kwa hiyo mchoraji alijifunza kusema mengi kwa rangi chache, na weupe wa kitambaa wenyewe ukawa rangi ya bure. Kisutu cha harusi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kinapendeza hivyo kwa sababu hakina cha ziada.

Kuna jambo jingine. Viwanda vya Ulaya vilikuwa na rola za shaba zilizochongwa, ambazo huchapa nguo mfululizo kwa kasi. Lakini rola ikizunguka mara moja hurudia mchoro uleule. Inafaa kwa kitambaa cha gauni chenye maua madogo yanayojirudia. Leso haijirudii. Ina mpaka pande nne, ina mji mmoja, ina jina moja. Ili kuichapa palihitajika vibao vikubwa vya kuchonga, na baadaye skrini kubwa. Mashine ilibidi iifuate leso.

Na jina nalo lina siri yake ya kiufundi. Maneno yakikaa peke yake kwenye skrini ya rangi iliyokoza, mwenye kiwanda anaweza kuyafuta na kuandika mengine bila kugusa mji wala pindo. Ndiyo sababu utaona leso mbili za maua yaleyale, moja ikimsifu mama na nyingine ikimtukana jirani.

Barua isiyo na anwani

Leso za mwanzo hazikuwa na maneno. Yalipoanza kuandikwa, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilezile ambazo bibi zetu walizitumia kwa barua na tenzi. Herufi za Kizungu zilikuja baadaye, shule zilipoenea. Hapa Mombasa sifa ya kuyaeneza majina hayo hupewa Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla. Duka lake lilianza mwaka 1887, na mpaka leo leso zenye alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla" zinajulikana mpaka nje ya Kenya.

Jina ni utungo mdogo wenye masharti makali. Haliwezi kuzidi mstari mmoja. Lazima lisomeke mtu akiwa anatembea. Na likiwa zuri, lina maana mbili, ili aliyelivaa apate pa kukimbilia akiulizwa.

Mamangu alipoolewa, aliingia nyumba yenye mawifi wanne. Shangazi yangu, huyuhuyu wa "bibi harusi mumkalie mbali", ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Siku moja mamangu alikwenda kwenye maulidi akiwa amejitanda leso isemayo, "Sikuja kwa miguu, nimeletwa." Shangazi akaisoma, hakusema neno. Mwezi haukuisha, akaja kututembelea amejifunga yake: "Siku ya tatu mpe jembe." Hakuna aliyegombana. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Babangu, aliyekuwa akisoma gazeti barazani, hakujua kuwa vita vilipiganwa mbele yake na vikaisha.

Nilipozaliwa mimi, shangazi alikuja na jozi moja mpya ndani ya karatasi ya duka. Jina lake: "Radhi ya mama ni ngao." Mamangu alipoisoma alilia. Ndiyo leso niliyoipiga picha.

Sasa niambie ndugu msomaji, ukifungua simu asubuhi ukaangalia stetasi za WhatsApp, waona nini? Mtu ameandika, "Wengine hucheka na wewe huku wakikuchimbia." Hakumtaja mtu. Ukimuuliza, atakwambia, "Aa, nimeyapenda tu maneno." Jirani yake naye ajibu kwa stetasi yake. Hiyo ni leso bila kitambaa. Wanawake wetu, na siku hizi wanaume pia, wameihamishia simuni kazi ambayo nyanya zetu walikuwa wakiifanya kwa nguo. Sanaa ya fumbo haikufa teknolojia ilipokuja.

Tofauti iko katika umri. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Leso ya shangazi imekaa miaka mingi kuliko ndoa nyingi. Mwenye kununua leso ya kumjibu wifi yake alikuwa na safari ya dukani, bei ya kulipa, pindo la kushonesha. Hasira ikapata nafasi ya kupoa njiani, au ikapata akili. Kidole kwenye simu hakina safari hiyo.

Viwanda vyetu na vya wenzetu

Baada ya uhuru, Afrika Mashariki ilijaribu kujichapia. Tanzania ilifungua kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kanga zake zikavuka mipaka. Kenya nayo ilikuwa na viwanda kadhaa vya kufuma na kuchapa, kama Rivatex cha Eldoret kilichoanzishwa miaka ya 1970. Kisha miaka ya 1990 soko likafunguliwa, nguo za bei rahisi na mitumba zikaingia, na viwanda vingi vikanyamaza. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kutiwa mashine mpya kwa mkopo wa India.

Pamba yenyewe hulimwa hapahapa Pwani, Lamu na Tana River. Lakini leso nyingi tunazonunua leo zimechapwa India, na mji wa Jetpur katika jimbo la Gujarat ni mojawapo ya mahali zinapotoka kwa wingi. Kuna mafundi wa huko wanaochapa maneno ya Kiswahili kutwa nzima bila kujua hata moja. Mimi siwalaumu. Nawaheshimu, maana kwa miaka mingi wametuchapia majina kama yalivyoagizwa, herufi kwa herufi, bila kutuletea radi.

Wino mpya na kitambaa kipya

Turudi kwenye leso zetu thelathini. Kosa la herufi lilikuwa dogo kuliko kosa jingine ambalo sikuligundua mpaka miezi kumi baadaye, binti yetu alipojifungua.

Nilikwenda kumuona nikiwa na moja ya zile leso za harusi, nikidhani ni jambo la busara mtoto afunikwe kwa sare ya mamake. Shangazi alikuwako tayari. Alimfuta mtoto mdomo kwa ncha ya leso yangu, maziwa yakateleza. Akafuta tena, yakateleza tena. Akanigeukia: "Leso gani hino haishiki maji? Huu ni mfuko wa nailoni umetiwa maua."

Hapo ndipo nilipokwenda kuuliza vizuri. Vijana wengi wanaochapisha idadi ndogo hutumia njia moja: mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi hulazwa juu ya kitambaa na kukandamizwa kwa joto la karibu nyuzi 200, mpaka wino ugeuke mvuke na kuzama ndani ya nyuzi. Njia hiyo ni ya haraka, haina skrini, na inakupa rangi elfu kwa bei ya moja. Lakini wino ule unashika kwenye poliesta. Kwenye pamba haushiki vyema, na ukifuliwa unaondoka. Kwa hiyo aliyekuahidi leso ya rangi hizo kwa jozi thelathini, aghalabu amekuahidi poliesta hata kama hakulitamka neno hilo.

Poliesta haifyonzi maji wala jasho. Mgongoni inateleza, kwa hiyo mbeleko wake si wa kuaminika. Kwenye joto letu la Kaskazi inamfukiza aliyeivaa. Na karibu na moto wa jikoni ina hatari, kwa sababu haiungui ikawa jivu bali huyeyuka na kugandia mwilini.

Ipo njia nyingine ya kuchapa kwa kompyuta moja kwa moja kwenye pamba. Ni nzuri. Ila kitambaa lazima kiandaliwe kwa dawa kabla, kisha baada ya kuchapwa kifukizwe kwa mvuke na kuoshwa, ndipo rangi ikae. Hiyo ni kazi na gharama. Kiwanda cha skrini nacho hakiwashi mashine kwa ajili ya jozi thelathini. Ndiyo maana familia nyingi huangukia poliesta bila kujua zimeangukia.

Kijana aliyetuchapia si mwizi. Alitupa alichonacho kwa bei tuliyoitaka. Sisi hatukuuliza. Nyanya zetu wasingefanya kosa hilo, maana wao waligusa kwanza, wakanusa, wakashika ncha na kuivuta, ndipo wakasoma jina.

Kompyuta ikichora yenyewe

Siku hizi kuna programu ambazo ukiziandikia maneno zinakuchorea picha. Mpwa wangu alinionyesha. Tuliiambia ituchoree leso ya Mombasa. Kwa dakika moja ikatoa kitambaa kizuri sana, chenye korosho na maua kwenye mji, na pindo lililojaa. Mahali pa jina iliweka vitu vinavyofanana na herufi ambavyo havikuwa neno la lugha yoyote.

Nililitafakari jambo hilo. Programu ilikuwa imetazama picha nyingi za leso na ikajua kwamba chini ya mji huwa kuna maandishi. Haikujua kwamba maandishi yale ni mtu anamwambia mwenzake jambo. Huenda hitilafu hiyo ya herufi itarekebishwa, na siku moja programu itaandika jina lisilo na kosa. Bado itabaki kazi moja ambayo ni yetu: kujua wifi yupi, siku gani, na neno gani litakalomuuma bila kumvunja.

Ukitaka kuchapisha leso yako

Harusi, matanga na siasa vimefanya leso za kuagiza ziwe jambo la kawaida. Kwa aliyeko mbioni, haya ndiyo niliyojifunza kwa pesa yangu.

Kwanza, uliza kitambaa kabla ya bei. Chukua kipande, dondoshea tone la maji. Pamba italinywa, poliesta italiacha likae juu kama shanga. Ukiwa bado na shaka, ng'oa uzi mmoja uuwashe ukiwa mbali na watoto. Pamba hunukia kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kufanya kijidonge kigumu.

Pili, geuza nyuma. Leso iliyochapwa vizuri kwenye pamba rangi yake hupenya, upande wa pili ukawa karibu sawa na wa mbele. Ikiwa nyuma ni nyeupe, ujue rangi imekaa juu juu, na ukijitanda watu wataona weupe kila upepo ukivuma.

Tatu, jina liandike mwenyewe kwa mkono, kwa herufi kubwa, ulisome mbele ya mchoraji. Kisha mwambie akuchapie karatasi moja ya kuangalia kabla hajachapa nguo. Mpe mtu mwingine asiyelijua jina hilo alisome. Macho yako wewe yataona unalotarajia, si lililoandikwa. Angalia hasa dh na d, th na t, gh na g. Kiswahili chetu kina maneno mengi yanayotenganishwa na herufi moja.

Nne, punguza rangi. Kwa sababu tu mashine inaweza kuchapa rangi mia haina maana leso inazihitaji. Iweke ukutani, rudi nyuma hatua kumi. Kama mji, pindo na jina havitenganiki machoni, imeshindwa kuwa leso.

Tano, leso za wazee zipigeni picha. Zikunjueni zote, mchana, mahali penye mwanga, pindo nne zikionekana na jina likisomeka. Andikeni ilinunuliwa lini, na nani alimpa nani. Pamba huchakaa, na mwenye kukumbuka naye huondoka.

Leso ya mamangu

Ile leso ya mamangu nilikuwa nimeifulia, nikaipiga pasi, na nilikuwa na nia ya kuitia kwenye fremu ya kioo. Nilimpelekea shangazi aione kabla sijampelekea fundi wa fremu. Tulikuwa kwa yule binti, mtoto ana siku ya saba.

Shangazi aliipokea, akalishika pindo, akaliona lilipochanika na kushonwa. Nilimueleza kuhusu kioo. Hakunijibu. Alimwinua mtoto, akamlaza juu yake, akamfunga vile anavyojua yeye, mkono mmoja ndani, mkono mmoja nje. Mtoto alitoa sauti ndogo kisha akanyamaza.

"Picha si unayo kwenye simu?" akaniuliza.

Nikamwambia ninayo.

"Basi itazame huko. Hino bado ina kazi."

Leso nyingine thelathini za radi tumezigawa. Moja ni pazia la jikoni kwangu, na kila mgeni anayejua kusoma huniuliza kisa chake. Mwezi ujao napeleka ile picha ya simu kwa mchapaji mwingine, wa pamba safari hii. Jina nimeliandika kwa mkono, na shangazi amelisoma mara mbili.